Mikono Niliyoinua Mbele ya Kamera

Binti yangu aliacha kazi ya benki, akakodi chumba kimoja Kilimani ili aifundishe kompyuta kusoma ishara za mikono ya watu. Mimi nilikuwa nimestaafu ualimu wa dini na kutulia nyumbani mtaa wa Satellite, na sikuwa nimewahi kugusa kompyuta hata siku moja. Alisema ndiyo sababu alinihitaji.

"Baba, wewe hujazoea kubonyeza," aliniambia. "Mkono wako utafanya kile unachokijua wenyewe."

Aliniketisha mbele ya kamera ndogo iliyobandikwa juu ya skrini, akawa ananiuliza maswali niyajibu kwa mikono tu. Ningemwambiaje mtu asogee? Ningemwambiaje angoje? Kila jibu alilipiga picha. Alipofika kwenye ishara ya kupunguza ukubwa wa picha kwenye skrini, alikuwa ameshachagua yake: kiganja kinachotazama chini, kikishuka polepole. Nikamuuliza picha zenyewe ni za nani.

"Za wagonjwa, Baba. Eksirei. Daktari akimpasua mtu, glavu zake zina damu, hawezi kushika kitu. Anapunga mkono tu, picha inakuja."

"Basi hiyo ifute. Kwetu kiganja kikitazama chini kinapima kimo cha ndama. Mtoto wa mtu tunampima kwa mkono uliosimama, vidole juu. Nesi wa kwetu hatakubali kumpima mtoto mgonjwa hivyo."

Alicheka, akaifuta. Kichwa kikanivimba kidogo, nakiri. Alipouliza ishara ya kufunga kila kitu nilimpa ile ya darasani: mikono yote miwili juu, viganja mbele. Miaka yote niliyofundisha, ishara hiyo ilinyamazisha watoto hata waliokaa nyuma kabisa. Aliipenda sana.

Siku ya kuonyesha kazi ilifika. Ilikuwa katika hospitali moja ya katikati ya mji, na daktari mkuu wa upasuaji, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alikuwa ametupa nusu saa kabla hajaingia kupasua. Akikubali, mashine ingejaribiwa katika chumba kimoja cha upasuaji. Akikataa, ndani ya mkoba wa binti yangu mlikuwa na barua ya benki. Walikuwa tayari kumrudisha kazini, na walitaka jibu kabla ya jioni. Wiki ile yote hakuwa amekula vizuri.

Nilipaswa kuiendesha mimi, ili waone kwamba hata mzee asiyejua kompyuta anaiweza. Binti yangu aliwasha mashine. Kifua cha mgonjwa kikatokea ukutani, cheupe na cheusi, na madaktari wanne wakasogeza viti.

"Mzee, kabla hatujaanza, tuombee," daktari mkuu akasema.

Hilo halikunishangaza. Sijawahi kukaa kwenye mkutano wa watu wetu ulioanza bila sala. Nilisimama, nikafumba macho, nikainua mikono yote miwili kama ninavyofanya kila Jumapili. Niliombea mgonjwa yule tusiyemjua jina. Niliombea mikono ya madaktari. Sikuombea mashine.

Niliposema amina, ukuta ulikuwa mweusi.

"Imezimika?" mmoja akauliza.

"Imefungwa," binti yangu akasema. Hakunitazama. "Baba ameifunga."

Daktari mwingine akanong'ona, "Hata kompyuta imeokoka," na wawili wakacheka. Binti yangu aliinama kwenye kibodi. Mashine ile ilichukua dakika nyingi kuamka, nami nikabaki nimesimama bila kujua niiweke wapi mikono yangu. Daktari mkuu alitazama saa ya ukutani. Kisha akainuka, akakunja mikono yake kwenye viwiko, viganja vikiwa juu usawa wa mabega, akasimama hivyo mbele ya kamera.

"Nikishanawa, naingia hivi," alisema. "Maji yashuke kwenye viwiko, nisiguse chochote. Sote tunaingia hivi. Sasa hii kitu yako ingenifungia picha kila siku mlangoni, na mgonjwa yuko mezani."

Binti yangu alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Leo siwezi kuikubali," daktari akasema. "Lakini Jumatatu saa moja asubuhi njoo usimame pembeni utuangalie. Uliwahi kuingia kwenye upasuaji?"

"Hapana, daktari."

"Na ishara ukazipata wapi?"

"Kwa baba yangu."

"Ni nzuri kwa darasa," akasema, akatoka.

Tuliteremka ngazi. Kwenye mlango wa chini alitoa ile barua, akaikunjua, akaikunja tena.

"Ungeshusha mikono kidogo tu, Baba."

"Ningeshusha, hilo la kunawa ungelijua lini, mgonjwa akiwa mezani?" nikamwambia. "Halafu mashine yako haina adabu. Inatii mtu ambaye hajaisalimia. Mtu akitaka kukutuma si anakuamkua kwanza?"

Alisimama. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu ile sala.

"Isalimiwe ndiyo isikilize," alisema polepole. "Bila salamu, isione mkono wa mtu."

Alipiga simu benki papo hapo barabarani, kidole kimoja kikiziba sikio kwa kelele za magari. Nilimsikia akisema asante mara mbili, kisha hapana.

Nami nilimshukuru Mungu pale pale, mikono ikiwa mfukoni.