Vidole Gumba vya Mwalimu wa Udereva

Mtaani walimwita Nyundo, kwa sababu miaka ishirini na tisa alikuwa ananyoosha bodi za magari yaliyogongwa. Gari halikumdanganya. Mwenye gari angesema amegonga nguzo, naye angepapasa bonde la mlangoni na kujibu, "Nguzo hii ilikuwa na taa na namba."

Mkewe alikuwa mwalimu wa udereva. Mwaka uliopita mwanafunzi wake alikanyaga mafuta badala ya breki, wakaingia ubavuni mwa lori. Walitoka wazima, lakini tangu hapo mwalimu hakuingia tena barabarani. Alibaki darasani, akifundisha alama.

Kisha Jumanne zikaanza kumtia Nyundo wasiwasi. Mkewe alikuwa akirudi amechelewa, macho yanang'aa, anajipaka dawa ya kuchua kwenye vidole gumba.

"Vina nini?"

"Nimeandika sana ubaoni."

Nyundo akavitazama. Nani anaandika kwa vidole gumba, tena vyote viwili?

Kuanzia hapo kila kitu kikawa ushahidi. Akiimba jikoni, amefurahishwa na nani? Akinyamaza, anaficha nini? Jumanne moja simu ya mkewe ikalia mezani, na Nyundo, ambaye hakuwahi kusoma simu ya mtu, akasoma: "Saa tisa. Leo tunawamaliza wote." Aliyeandika alikuwa wifi mtu, dada yake Nyundo mwenyewe, mshonaji. Kikulacho ki nguoni mwako!

Jumanne hiyo aliweka nyundo chini, akamfuata mkewe kwa mbali hadi kwa dada yake. Pazia lilikuwa limeshushwa mchana kweupe. Akasogeza sikio dirishani. Bati likapasuka, kioo kikamwagika, na juu ya yote mkewe akapiga kelele, "Mbane ukutani! Asitoke!"

Nyundo akasukuma mlango.

Wanawake wawili walikuwa wamekaa mkekani, rimoti za gemu mikononi, vidole gumba vikikimbia juu ya vitufe. Kwenye televisheni magari mabovu yalikuwa yanagongana kwenye uwanja wa matope, na mshindi ni yule ambaye gari lake litabaki linatembea. Ni gemu la zamani, ambalo mtoto wa mshonaji aliliacha kabatini alipooa.

"Funga mlango," mkewe akasema bila kugeuka. "Mwanga unapiga kwenye kioo."

"Miezi mitatu unanificha hiki?"

Sasa aligeuka. "Kila nikisikia bati likilia, nilikuwa natetemeka. Hapa nimegongwa mara elfu, na kila mara naanza upya. Leo sitetemeki."

"Ungeniambia."

"Ungenihurumia, baba watoto. Nilishachoka kuhurumiwa."

Nyundo akavua viatu. Akaketi. Dada yake akampa rimoti, na kabla hajajua kitufe cha kurudi nyuma, mkewe akalikunja gari lake kama karatasi.

"Hiyo chesisi imekwisha," Nyundo akanung'unika. "Hainyooki tena."

Wanawake wakacheka mpaka machozi.

Mwezi uliofuata mwalimu alirudi barabarani, ameketi kushoto kwa mwanafunzi, mikono imetulia mapajani. Jumanne haikuachwa, sasa wanakwenda wawili. Nyundo hajawahi kushinda. Anashuku rimoti anayopewa yeye ina kitufe kibovu, na kwamba mkewe na dada yake wanajua. Ameomba wabadilishane. Wote wawili wamekataa haraka mno.