Mchumba Wangu Kaharibu Mfumo, Anataka Lawama Nibebe Mimi

Jina langu lisionekane tafadhali, Mbinga hapa tunajuana. Mimi ni dada wa miaka 29, natunza mfumo wa kompyuta wa chama cha wakulima wa kahawa. Bosi wangu ndiye mchumba wangu. Kompyuta anajua kuiwasha na kuizima tu, ila kwenye vikao anaongea kama aliivumbua yeye.

Mfumo wetu una ukurasa ambao kila mtu anauona. Nyuma yake kuna programu ndogo zinazofanya kazi kimyakimya, sisi tunaziita wafanyakazi. Ndizo zinazowatumia wakulima meseji: gari linapita kesho, shusheni magunia barabarani. Meseji zinakaa kwenye foleni, zinatoka moja moja.

Nilipoenda Lituhi kumzika bibi, bwana mkubwa akaona mfumo unasuasua, akazizima zile programu zote. Magari yakapita, wakulima hawana habari. Aliponipigia simu kuniambia, nikamsihi, "Usiziwashe mpaka nirudi. Foleni imejaa meseji zilizopitwa na wakati, lazima zifutwe kwanza."

Akanijibu, "Mama, mimi ndiye bosi, usinifundishe kazi." Akaziwasha.

Meseji za wiki nzima zikatoka kwa mkupuo. Kule vijijini Kitura na Mpepai watu wakashusha kahawa yao kavu, wakakaa barabarani kusubiri magari yaliyokwishapita. Mvua isiyo ya msimu ikawakuta hapohapo. Baba yangu alikuwepo, mzee wa watu, gunia kajitwika mwenyewe. Kahawa yote ikaloa, ikashika ukungu.

Nilirudi nikakuta mchumba ameshawaambia viongozi kwamba kosa ni langu. Nilipomuuliza hata hakuinamisha macho. "Wewe mwanamke watakuonea huruma. Mimi nikishushwa cheo, utaolewa na nani?"

Niliondoka nikimdharau. Mama yake naye akanifuata: "Mwanangu, mume hufichwa aibu." Mume gani huyo, anayejificha nyuma ya gauni langu?

Kilichoniumiza zaidi ni baba. Nilipomwamkia shikamoo, akanishika mkono akasema, "Usilie mwanangu, kila mtu hukosea. Nimekusamehe."

Jumamosi wakulima wanakutana, nimeitwa nijieleze. Ndoa yetu imeshatangazwa kanisani mara mbili. Nikisema ukweli, itavunjika mbele ya watu wote. Nikinyamaza, nitaolewa na mtu ninayemdharau, na baba atakufa akiamini ni mimi niliyemharibia kahawa yake. Ndugu zangu, mngekuwa mimi, Jumamosi mngesimama mkasema nini?