Mishipa ya Fahamu ya Debora

Anyelwisye wa Kinyala alikuwa na vidole gumba ambavyo watu waliviogopa. Miaka ishirini alikuwa mkandaji wa pale kijijini, na alichoamini ni kimoja tu: maumivu hutolewa kwa maumivu. Akikushika na mafuta yake ya mawese kutoka Kyela, ulilia, ukatoka jasho, ukaondoka unaapa hurudi tena. Yeye akiona machozi alijua dawa imeingia.

Mwaka ule shamba la chai lilikuwa limeuzwa kwa mtu binafsi, na bwana mpya hakuwa na masihara: mchumaji asiyeonekana kazini Jumatatu inayokuja, jina linafutwa. Debora, jirani wa Anyelwisye, mchumaji na mjane wa watoto watatu, hakuweza kuinua mkono wa kulia kupita bega. Anyelwisye alishamkanda mara mbili, na mara zote mbili mkono ulizidi kukaza.

Ijumaa Debora akarudi kutoka hospitali ya misheni. "Yule Lukasi wa mazoezi ya viungo anasema mfupa ni mzima, mama. Ni mishipa ya fahamu imechokozwa."

Anyelwisye akashtuka. Mishipa aliijua, ameiminya maisha yake yote. Lakini ya fahamu? Si ndiyo hiyo fahamu anayoipoteza mtu akizimia? Kumbe alibakiza kidogo aue mtoto wa watu!

Akataka kukataa. Debora akamshika kanga. "Jumatatu, mama. Nitawalisha nini?"

Basi akapaka mafuta, akawa anapapasa tu, taratibu, kwa kiganja chote, roho mkononi.

"Gwe Debora, upo?"

"Nipo."

Akaendelea. "Upo?"

Kimya. Anyelwisye akarukia kata ya maji, akammwagia usoni.

"Mama!" Debora aliinuka amefura. "Nilikuwa nimelala! Wiki ya tatu hii sijapata usingizi!" Akajifuta maji kwa mkono wa kulia, wote wawili wakaukodolea macho ule mkono.

Udadisi haukumpa Anyelwisye raha. Asubuhi yake akatembea mpaka hospitali kumtafuta Lukasi. "Mwanangu, nimegusa kwa woga tu na mkono umelegea. Imekuwaje?"

Lukasi alicheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akamshika mkono yeye mwenyewe, akimwonyesha. "Mishipa hii inapeleka habari kwenye uti wa mgongo, mpaka ubongoni. Ukiminya sana, ubongo unaona hatari imezidi, unakaza misuli kujilinda. Mguso wa taratibu nao ni habari. Habari hiyo ikifika, ile ya maumivu inapungua sauti, na ubongo unatulia."

"Yaani nilikuwa nampigia yowe mtu anayeumwa kichwa."

"Ndivyo, mama. Ila kugusa peke yake hakutoshi. Afanye na mazoezi haya, na achume kwa kupumzika."

"Na wale niliowaliza miaka yote?"

Lukasi akamsindikiza mpaka getini. Njiani Anyelwisye aliona aibu, aibu ya kweli, akawataja mmoja mmoja kwa majina.

Jumapili alimkanda Debora mara mbili, wakarudia mazoezi mpaka jua likatua.

Jumatatu jioni alisimama njia ya shambani. Wachumaji walipita makundi kwa makundi, naye akitafuta sura moja. Mwishowe akamwona Debora kwa mbali, kapu mgongoni, amechoka kweli kweli. Debora naye akamwona. Akasimama, akakunja uso kidogo, akampungia mkono wa kulia, juu kabisa ya kichwa.