Bi Kishindo na Ruzuku ya Serikali

Bi Kishindo aliisoma barua akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi, kisha akamkabidhi mdogo wake, fundi cherehani, maana hakuyaamini macho yake.

"Kamati imepokea rekodi yako," mdogo wake akasoma kwa sauti. "Hata hivyo, haikukuta humo kazi yoyote ya ubunifu. Inaonekana kinasa sauti kilisahauliwa kikiwa kimewashwa ndani ya nyumba wakati mvua inanyesha."

"Kilisahauliwa!" Bi Kishindo alishika kichwa kwa mikono miwili. "Na mimi?"

Mdogo wake aliuma midomo asicheke, lakini kicheko kikamponyoka. Akakatwa jicho moja tu, akanyamaza.

Tuseme ukweli, Bi Kishindo alikuwa na kila sababu ya kupigwa na butwaa. Kwa miaka ishirini na minane ndiye aliyetengeneza sauti za michezo ya redio. Mvua yake ilikuwa mchele uliotiririka juu ya sinia. Moto wake ulikuwa mfuko wa nailoni uliofikichwa karibu na kipaza sauti. Mtu akivunjwa mguu mchezoni, kilichovunjika kwa kweli ni karoti. Kisha kituo kikanunua kompyuta yenye sauti zote za dunia, naye akaagwa kwa saa ya ukutani ambayo, nasikitika kusema, haikuwa na mlio wowote.

Ndipo serikali ikatangaza ruzuku kwa watengenezaji wa michezo ya kuigiza, filamu na vipindi vya utamaduni. Bi Kishindo akaomba. Alitaka chumba kimoja tu cha kufundishia vijana kazi hiyo kabla haijamfia mikononi. Akikikosa, ufundi wake wote ungebaki kwenye masanduku mawili chini ya kitanda.

"Dada, mbona hukujitambulisha?" mdogo wake aliuliza akiipekua fomu. "Hapa wameandika, mwombaji aanze kwa kusema jina lake na kueleza kazi yake."

"Niseme? Taa nyekundu ikiwa inawaka?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Sheria ya kwanza ya kazi yake ilikuwa kufunga mdomo. Taa nyekundu ya kurekodi ikiwaka studioni, hata kikohozi alikimeza. Kipengele kile alikisoma, akakielewa vizuri, lakini alipobonyeza kitufe midomo ilijifunga yenyewe kama ilivyozoea.

Kesho yake asubuhi wote wawili walikuwa ofisini kwa katibu wa kamati, sinia kwapani na mchele mfukoni.

"Shikamoo, mama," alisema katibu, kijana aliyevaa tai.

"Marahaba, mwanangu. Hebu fumba macho."

Katibu alitaka kueleza utaratibu, akaona uso wa mama yule, akafumba. Mchele ukaanza kutiririka taratibu, kisha ukashuka kwa fujo. Akafumbua macho, akatazama dirishani. Jua kali. Akatazama sinia, kinywa wazi.

"Ni wewe?" Alisimama. "Mama, tuliketi watu saba tukasikiliza dakika kumi na mbili. Mwenzetu mmoja aliinuka kufunga madirisha! Aibu gani hii!"

Akasema faili lingeweza kurudi kwa kamati mchana uleule, mradi utambulisho uongezwe. Akaweka kinasa sauti mezani, akabonyeza. Kitaa chekundu kikawaka.

Midomo ya Bi Kishindo ikajifunga. Katibu akangoja, akatazama saa, akangoja tena. Mdogo wake akamfinya kiunoni kwa nguvu zote za fundi cherehani, na maneno yakatoka: jina, kazi, miaka, chumba anachokitaka na vijana atakaowafundisha.

Katibu akairudisha rekodi mwanzo, wahakikishe imeshika. Ikasikika sauti ya mwanamke, nyembamba, yenye mkwaruzo kidogo, ikitetemeka mwanzoni kisha ikitulia.

Bi Kishindo alishtuka, akamshika mdogo wake mkono. "Huyo nani?"

"Ni wewe, dada."

Akatikisa kichwa. Sauti ile ilizidi kusema, na macho yake yakajaa machozi mbele ya kijana wa watu.

"Mbona ni marehemu mama?"

Mdogo wake naye alikuwa amejiziba uso kwa kanga. Katibu akanyoosha kidole kuzima.

"Usizime, mwanangu," akasema Bi Kishindo. "Mwache aongee."