Jenerali Asiye na Jeshi

Mtaa mzima unamwita dada yangu Mama Matone. Kazi yake ni kuwadondoshea watoto chanjo ya polio: anabana mashavu kwa vidole viwili, mdomo unafunguka, matone mawili, kidole kidogo kinapakwa wino, mwingine aje. Ana kasi mpaka mtoto anaanza kulia akiwa ameshameza. Wazazi wanaokwepa chanjo amewafuata hadi mlango wa bafu, na nimemwona kwa macho yangu akimfokea mwanamume wa miraba minne kwa ajili ya mtoto asiyemjua hata jina. Mimi ni mdogo wake. Nashona nguo chumba cha pili, ua mmoja naye.

Mwanawe wa kwanza tunamwita Jenerali. Jina nilimpa mimi kwa utani, na siku hizi utani huo unanichoma. Tangu anatambaa, mtoto huyu alikuwa haponi. Masikio yakitulia, kifua kinabana. Kifua kikiachia, masikio yanatoa usaha. Mama mkwe wa dada, ambaye sote tunamwita Bibi, alizoea kusema mbele za wageni, "Kwetu hatuna watoto wa namna hii." Mimi ningemjibu, ila si mkwe wangu.

Mwishowe daktari mmoja alipima damu akatuketisha. Alisema mwili unapigana na vijidudu kwa kingamwili, na kila kingamwili imeungwa kwa vipande vizito na vyepesi. Jeni inayotoa maelekezo ya kipande kizito, kwa Jenerali, ni mbovu. Bila kipande hicho, hata chembe za damu zinazotengeneza kingamwili hazikui.

"Nakala moja mbovu katoa baba, nyingine katoa mama," daktari alisema. "Wao ni wazima kwa sababu kila mmoja anayo nakala nzuri ya pili."

Shemeji yangu, fundi wa friji, aliuliza kama kipuri hicho kinabadilishika. Daktari hakucheka. Tangu hapo Jenerali anatundikiwa dripu kila mwezi, kingamwili zilizokusanywa kwenye damu ya watu wengine. Anaishi kwa jeshi la kuazima. Bibi naye, yale maneno ya "moja katoa baba" yalimkaa kooni, maana baba ni mwanawe wa kumzaa.

Dada alipojifungua binti, damu ya kichanga ikapelekwa kupimwa jeni ile ile. Siku ya majibu tulikwenda wote, roho mkononi. "Huyu ni mzima," daktari alisema, na Bibi akapiga kigelegele hapo hapo, akatoka mbio kwenda kuwapigia simu ndugu zake. Hakusubiri maneno yaliyobaki, na yaliyobaki ndiyo yaliyokuwa na uzito. Mtoto asipewe matone ya mdomoni hata kidogo. Achomwe sindano tu. Matone yana kirusi hai kilichodhoofishwa. Hakimdhuru mtoto mzima, ila kinatoka kwenye kinyesi chake kwa wiki kadhaa, na nyumbani yuko kaka asiye na kinga. Kwa Jenerali kirusi hicho kinaweza kuganda mwilini, kikabadilika, kikampoozesha miguu.

Dada aliyajua hayo kama anavyojua jina lake. Hakumwambia Bibi. Wakati huo walikuwa hawavuki salamu.

Ikaja kampeni ya chanjo. Dada alikuwa bado yuko likizo ya uzazi, lakini wachanjaji walipungua, akaombwa asaidie asubuhi moja. Mtoto alimwachia Bibi. Mimi nilikwenda kumpelekea chai kwenye uwanja wa shule, nikakuta foleni imejikunja hadi getini. Na mbele kabisa, karibu na meza ya dada, nikamwona Bibi. Amembeba mjukuu kwenye kitambaa kipya, anamwambia kila aliye karibu, "Huyu damu safi. Amepimwa." Nilianza kukimbia, sikuwahi. Chai ilimwagikia kwenye sketi yangu.

Dada hatazami nyuso, anatazama midomo. Mazoea yana taabu. Alibana mashavu, mdomo ukafunguka, matone mawili. Akashika kile kidole kidogo akipake wino, na juu yake, kwenye kifundo cha mkono, akaona alama ya kuzaliwa ya mwanawe.

"Mama," alisema polepole, "umefanya nini?"

"Nimemleta mjukuu wangu kama wenzake. Au kazi yako ni kwa watoto wa watu tu?"

Dada alimtia mtoto kidole mdomoni, akakizungusha, akakitoa. Kulikuwa hakuna kitu. Kashameza.

"Dada, tunasubiri na sisi," mwanamke wa nyuma alisema.

Nilitaka kumrukia Bibi. Na dada pia nilimwonea hasira, kwa ile kasi yake ya kujivunia. Lakini tulipomweleza Bibi, aliketi kwenye mchanga, mama mzima, akasema, "Mngeniambia."

Siku hiyo hiyo nyumba iligawanyika. Mtoto ananyonya, kwa hiyo dada alihamia naye kwa Bibi, mtaa wa tatu. Jenerali alibaki na baba yake na mimi. Kinyesi chake kilipelekwa maabara, na daktari akatuonya: mkiona mguu umelegea, mleteni mbio. Basi kila asubuhi nilimsimamisha mguu mmoja, kisha wa pili, kisha nikamwambia aruke. Nilikuwa nikikata suruali kazini huku macho yangu yapo kwenye magoti yake. Usiku nilimbinya vidole vya miguu amelala, nione kama atavivuta.

Yeye alitaka kujua jambo moja tu. "Mama amempenda mtoto kuliko mimi?"

"Usiseme ujinga," nilimjibu. Ningejibu vizuri zaidi, lakini nilikuwa naogopa.

Asubuhi moja nilimwambia aruke, hakuruka. Alikaa kitandani akauangalia mguu wa kulia.

"Mama mdogo, huu hauna nguvu."

Sijui nilipigaje simu. Dada alikuja peku, kifua kimelowa maziwa, mtoto amemwachia Bibi. Alisimama kwenye bomba la uani akajisugua sabuni hadi viwiko, anapiga kelele, "Anahisi ukimfinya? Mfinye! Anahisi?" Alipoingia tu, Jenerali aliruka kutoka kitandani akamkimbilia. Kwa miguu yote miwili.

"Nilijua ukisikia mguu utakuja," alisema.

Niliinua mkono nimchape. Dada aliudaka. Majibu ya mwisho ya maabara yalikuja baadaye, na yalikuwa safi, lakini asubuhi ile hatukuwa nayo. Alimsogeza mwanawe kwa upole, akaketi sakafuni, mgongo mlangoni.

"Ruka," alimwambia.

Akaruka.

"Kwa wa kulia peke yake."

Akaruka akicheka, akidhani ni mchezo. Dada alikuwa akilia na hakujifuta.

"Mama, nimechoka."

"Tena, baba. Tena."