Chupa ya Kalsiamu Iliyogeuka Uji

Ipo siku nisiyoisahau, mwanangu. Nilikuwa kidato cha tatu hapa Temeke, enzi za Ujamaa, binti wa haya kiasi kwamba hata shikamoo niliitoa nikitazama vidole vya miguu. Maneno yangu yote yaliishia kwenye daftari nililolificha chini ya godoro.

Mwalimu Rehema alitaka kuwaonyesha wazazi jinsi mshipa wa damu unavyojikunja. Mkuu wa shule alishasema: likishindikana, maabara inageuzwa stoo ya majembe ya shamba la shule. Basi tukapata mshipa mbichi wa mbuzi, tukaufunga kwenye fremu aliyotuchongea fundi seremala wa Keko, juu yake kijiti cha ufagio ambacho kingepanda kila mshipa ukivuta. Mshipa ulilowa ndani ya maji ya chumvi, na hewa tuliipuliza humo kwa pampu ya baiskeli. Mie nikapewa kuchanganya maji hayo, kalsiamu ikiwemo.

Kufungua chupa ya kalsiamu, nikakuta uji. Joto na unyevu wa Dar vimeiyeyusha. Bado inafaa au imeharibika? Niliona haya kuuliza. Nikairuka.

Mwalimu akadondosha dawa ya kuuamsha mshipa. Kijiti kikapanda kidogo, tukashangilia. Akausuuza, akadondosha tena: kimya. Mara ya tatu, kimya. Wazazi wanaingia baada ya saa moja.

"Mbuzi wenu huyu kafa mara mbili," akasema Mzee Ndembo, mtunza maabara, mtu wa Kusini. Kisha akanigeukia. "Na wewe binti, mbona jasho linakutoka kuliko mpiga pampu? Kuna neno umelimeza. Mficha maradhi, kilio humfichua."

"Kalsiamu, babu. Sijaitia."

Nilingoja kofi. Mwalimu Rehema akacheka, macho yanamng'aa.

"Kumbe! Jamani, sogeeni. Ndani ya seli za msuli wa mshipa huu mna vighala vya kalsiamu. Habari ya dawa ikifika, vighala vinafunguka, kalsiamu inamwagika, msuli unavuta. Ikirudishwa ghalani, unalegea. Ule mvuto wa kwanza ulikuwa akiba ya ndani. Nje mmeninyima ya kujazia."

Nikamwonyesha chupa; akasema imenyonya unyevu tu, bado inafaa. Tukautia ule uji majini kwa matone, tukasubiri vighala vijae. Dawa ikadondoka. Kijiti kikapanda, kikapanda, mpaka kikagusa ukingo wa fremu. Moyo wangu nao, mwanangu, ulipanda nacho. Mbele ya wazazi kilipanda tena, na mama mmoja akauliza kama mishipa ya mumewe nayo hukasirika hivyo. Majembe yakatafutiwa pengine.

Kuwa na haya sikukatazi, mie mwenyewe ninayo hadi leo. Ila neno lenye kazi lisilale ghalani. Saa yake ikifika, liachie, hata kama ni la kukiri kosa. Kisha nyamaza, ulegee, ujaze akiba, maana kuvuta bila kulegea nako ni ugonjwa. Mola akufungue kinywa panapohitajika, akifunge maneno yakitosha, na damu yako ipite kwa amani.