Mzee Gramu na Kilo Mbili za Uongo

Mara tatu kwa wiki Mzee Gramu huketi saa nne nzima kwenye kiti cha kliniki, mirija miwili mkononi, mashine ikimsafishia damu. Figo zake zilishajiuzulu. Yeye hajajiuzulu, wala hana mpango huo.

Miaka thelathini na moja alikuwa mkaguzi wa mizani wa serikali, mji hadi mji na sanduku lake la mawe ya shaba ya kupimia, akikagua maduka, mabucha na maghala. Sasa mashine ikianza tu kunguruma, hufumba macho na kushika njia. Huchagua safari moja ya zamani, huanzia stendi, na ole wake atakayemsemesha kabla hajavuka daraja. Mkewe, aliyebaki na watoto miaka yote hiyo, anasema huo ni usingizi tu umevalishwa koti.

Jumatatu moja alipanga foleni kwenye mizani ya mlangoni, akapanda, akashuka. Nesi akasoma: kilo nne zimeongezeka. Maana yake maji, kwani mgonjwa wa figo anachokunywa humkaa mwilini mpaka mashine ikitoe. Nesi akaiweka mashine ivute lita nne, akamgombeza kama alivyokuwa amewagombeza wote waliotangulia.

“Baba watoto,” akasema mkewe, aliyekuwa amemsindikiza, “kumbe unakunywa kwa kujificha.”

Neno hilo lilimuuma kuliko sindano. Nyumbani ana kikombe alichokichora mstari kwa msumari, na hauvuki. Mtu aliyewakamata wapunjaji maisha yake yote, leo aambiwe anajipunja mwenyewe! Akafumba macho, akaondoka zake.

Siku hiyo alikwenda kwa muuza nyama mmoja mcheshi kupita kiasi. Jamaa alikuwa akikuona tu mlangoni, keshakuvutia kiti, keshakupa soda, keshaanza kukuulizia wanao, na huku nyama imeshatua kwenye mizani. Ujanja wake wote ulikuwa huo: usiione mizani ikiwa tupu. Mzee Gramu aliikataa soda, akaamuru nyama iondolewe, akainama autazame mshale: haukuwa kwenye sifuri.

Hapo akafumbua macho. Asubuhi ile yeye mwenyewe hakuwa ameinama! Mmoja akishuka, mwingine anapanda. Mizani haikukaa tupu hata kidogo. Na sasa misuli ya mguu imeanza kukaza na machoni pake nesi anaonekana kama yuko ndani ya ukungu. Mashine ilikuwa inamkausha.

Alimwita nesi, akamwambia akaitazame mizani ikiwa haina mtu. Nesi akacheka, akamwambia amalize safari yake kwanza.

“Mama watoto,” akasema, “nenda wewe. Usiiguse. Simama mbele yake, usiangalie kwa upande.”

Mkewe aliondoka kwa hasira, amkomeshe mara moja. Alirudi taratibu.

“Hakuna mtu juu yake,” akamwambia nesi, “na mshale uko kwenye mbili.”

Nesi alikimbia kuhakikisha, akarudi mbio, akapunguza mashine. Inaonekana ufagio wa alfajiri uligonga kitufe cha kurekebishia mshale. Akapita kiti hadi kiti akirekebisha na kuomba radhi, na bibi mmoja wa kiti cha tatu akadai radhi yake iombwe kwa sauti ileile aliyogombezewa. Mzee Gramu alitamba kidogo. Nani asingetamba?

Mkewe alikuwa ameinama, anamkanda mguu.

“Ulisimama mbele yake sawasawa?” mzee akamuuliza.

“Nilipiga magoti. Na mtungi wa maji nilikuwa nikufungie kwa kufuli, baba watoto. Nisamehe.”

Alimshika mkono kwa ule wake usio na mirija, akamwambia yamekwisha. Kisha akafumba macho.

“Umefika wapi?” mkewe akauliza.

“Bado niko buchani.”

“Basi nisubiri hapohapo.” Akavuta kiti, akaketi, akafumba macho naye. “Miaka thelathini na moja hukunichukua hata mara moja. Leo tunarudi wote.”